Barua Iliyongoja Siku ya Kufunga Shule

Asubuhi ya siku ya kufunga shule niliitoa barua ya mume wangu sandukuni, nikaifuta kwa upindo wa kanga, nikaichomeka kifuani. Ilikuwa bado imefungwa. Ilinifikia katikati ya Septemba, na hadi Jumamosi ile ya kwanza ya Desemba, mwaka wa sitini na sita, sikuwa nimeichana hata ncha. Wanawake wenzangu walinisifu kwa subira. Subira sikuwa nayo hata chembe. Nilichokuwa nacho ni kiburi, na hicho nilikuwa nacho cha kutosha kijiji kizima.

Shule yetu haikuwa na jina katika daftari la ofisi yoyote. Ilikuwa na kuta za udongo, paa la makuti, na sakafu tuliyoipiga mimi na mdogo wangu Halima kwa mikono yetu, juu ya kiwanja alichotuachia mama, karibu na mashimo ya chumvi, si mbali na mahali mto Ruvuma unapomwaga maji yake baharini. Tuliijenga wenyewe kwa sababu shule yenye daftari ilikuwa ng'ambo ya mikoko, na maji yakijaa mtoto mdogo hapiti. Mimi sikuwa na mtoto wa kumpeleka. Waliokuwa na watoto walichoka kukata miti siku ya pili. Mimi sikuchoka mpaka mlango ukatiwa bawaba.

Mwaka uliotangulia alikuja mkaguzi wa elimu kutoka mjini, Bwana Mathayo, mtu mrefu mwenye miwani na suruali iliyopigwa pasi. Watoto wakasimama, wakakisoma kitabu cha kwanza neno kwa neno, hawakwami mahali. Bwana Mathayo akakichukua kitabu mkononi mwa mmoja wao, akakigeuza juu chini, akamrudishia. Mtoto akaendelea kusoma vilevile. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani. Hakucheka kwa ubaya, nadhani, lakini mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na kicheko kile sikukimeza. Alisema anatupa mwaka mmoja. Akirudi akakuta watoto watano wa darasa la juu wanasoma kwelikweli, wote watano, ataiandikisha shule. Akikuta hata mmoja anakariri, mlango utafungwa na watoto watafute pengine.

Ndipo mimi na wazazi tulipotoa shauri letu. Kitabu hukaririwa, barua isiyofunguliwa itakaririwaje? Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake mbali, kwenye mkonge wa Tanga au bandarini Dar es Salaam. Tukakubaliana kwamba barua zitakazoingia kuanzia Agosti zitakaa na gundi yake mpaka siku ya kufunga shule. Mtoto ataichana mbele ya watu na kuisoma kwa sauti, na mwenye barua akiridhika atasema neno moja tu: "Imefika." Neno hilo lisiposemwa, mtoto hajafaulu.

Mwalimu Elia, kijana wa kutoka Njombe aliyekuwa akila kwa zamu majumbani mwetu, alisita kulikubali shauri hilo. Alisema barua ni siri ya mtu. Nikamjibu kwamba sisi tusiojua kusoma hatujawahi kuwa na barua ya siri. Kila barua yetu imepita kinywani mwa mtu mwingine kabla ya kufika masikioni mwetu. Kijana wa watu akainamisha kichwa, na shauri likapita.

Siku yenyewe watu walijaa mpaka wengine wakasimama nje, wakichungulia madirishani. Maalim wa msikiti alipewa kiti karibu na mkaguzi. Watoto wanne wa kwanza walisoma, na kila bahasha Bwana Mathayo mwenyewe aliikagua mbele na nyuma kabla ya kumpa mtoto aichane. Barua moja iliomba pweza mkavu, na kulalamika kwamba yule wa mwaka jana alikuwa na mchanga. Nyingine ilimtaja mbuzi kwa jina na kumuulizia afya yake kuliko ilivyomuulizia mkwe. Watu walicheka, wakafuta macho, na mara nne tulisikia "Imefika." Mkaguzi hakucheka mwaka huu. Alikuwa akitia alama katika daftari lake, na mimi nilizihesabu zile alama kwa mbali. Nne. Ilibaki moja, na ilikuwa yangu.

Msomaji wa barua yangu alikuwa Mastura, binti wa Halima, mwenye miaka kumi na miwili, ambaye mwalimu alisema ndiye hodari kuliko wote. Ndiyo maana alipewa barua yangu. Nilitaka kila mtu asikie vizuri kwamba Iddi Chande, aliyekwenda mkonge miaka mitatu iliyopita, hajanisahau.

Mastura alisoma salamu bila shida: nakusalimu mke wangu Mwaisha, nasi huku hatujambo, na mvua imechelewa. Niliona macho yake yakishuka chini ya karatasi, yakapanda tena. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nakukumbuka sana," alisoma. "Nitarudi baada ya mfungo. Nitakuletea kanga nne, na viatu, na sukari nyingi."

Nilifurahi. Sitaficha hilo. Nilifurahi kwa muda wa pumzi mbili au tatu, nikawageukia wanawake wa nyuma ili waione furaha yangu. Kisha nikaanza kujiuliza. Iddi, katika maisha yake yote, hakuwahi kunitajia kiatu.

Bwana Mathayo alinyanyuka, akaichukua karatasi mkononi mwa mtoto, akaisoma kimya. Alivua miwani, akaivaa tena. Akamwambia Mwalimu Elia, kwa sauti ambayo sote tuliisikia, kwamba maneno yale hayamo. Mtoto ameanza kwa kusoma, akamalizia kwa kubuni. Mwaka jana ilikuwa kukariri, mwaka huu ni kubuni, na yeye hana mstari wa kubuni katika daftari lake.

Mwalimu Elia alimwita Mastura kwa jina, akamsihi arudie. Mtoto akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hayafuti. Minong'ono ikaanza, kwamba ndiyo basi, shule imekwenda, tena kwa mkono wa yule yule tuliyemwita hodari. Halima alijifunika uso kwa kanga. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama yule mtoto. Anayebahatisha humtazama mwalimu, au huangalia dari kutafuta neno. Mastura alikuwa ananitazama mimi, mama yake mkubwa, kwa huruma, na sijawahi kuonewa huruma na mtu wa miaka kumi na miwili. Hapo nikajua. Sikujua maneno yenyewe, ila nilijua yana uzito gani, na nilijua kwamba alikuwa ameyasoma yote, tena vizuri.

Ningeweza kukaa kimya. Ningeichukua barua, ningerudi nayo nyumbani, na pale kijijini ningebaki mke wa Iddi Chande wa kanga nne. Kisha hasira ikanipanda, wala haikuwa juu ya Iddi kwanza. Ilikuwa kwa sababu ya ile sakafu ya shule. Magoti yangu yalichubuka kwa ajili yake.

Nikasimama. "Bwana mkaguzi, mrudishie mtoto barua. Asome ilivyoandikwa."

Alinikaribia, akainama kidogo. "Mama, nakushauri ukasomewe nyumbani."

"Nikisomewa nyumbani, wewe utaandika nini humo?"

"Nitaandika nilichosikia," alisema. "Huenda mtoto huyu anajua kusoma. Mimi sikumsikia akisoma."

"Basi usiandike bado," nikamwambia. "Mastura, mwanangu, nitazame. Soma. Usiniongezee kitu na usinipunguzie."

Alijifuta uso kwa mkono wa gauni. Sauti ilipotoka ilikuwa safi, kila neno limesimama mahali pake.

"Nakuarifu kuwa mimi Iddi Chande, mbele ya mashahidi wawili, nimekuacha talaka moja. Miaka minane hatukupata mtoto, na huku nimeoa mke ambaye sasa ana mimba. Kaa eda ndani ya nyumba yangu wala usitoke ovyo. Mambo ya hiyo shule uyaache, mwanamke hazururi na walimu. Kabla eda haijaisha nitatafakari, na nikikuhitaji nitakurejea. Wasalaam."

Madirishani vichwa vilizama kimoja kimoja, maana watu wana adabu zao. Mimi nilisimama, na nasema wazi kwamba iliniuma. Nilimpenda yule mtu. Nilimkaangia samaki wa njiani alipoondoka, na miaka mitatu nimekuwa nikifua shuka moja na kuitandika upande wake. Kuhusu miaka minane yake, mitatu hakuwapo kabisa. Sijui alitaka mtoto huyo nimpate na nani. Yote hayo yalinipita kichwani kwa mara moja, na bado watu walikuwa wananingoja. Mastura alikuwa anangoja. Kalamu ya Bwana Mathayo ilikuwa juu ya daftari, haijagusa.

"Imefika," nikasema.

Nilisema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mkaguzi akatia alama ya tano, lakini hakulifunga daftari. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kuomba radhi asijue aanzie wapi. Sikumpa nafasi, kwa sababu jambo jingine lilikuwa limenijia.

"Mastura, juu kabisa pameandikwa tarehe?"

"Ndiyo, mama mkubwa. Tarehe ishirini Agosti."

Nikahesabu kwa vidole, waziwazi, mbele ya watu wote. Septemba, Oktoba, Novemba. Miezi hiyo nilikuwa nikienda mwezini kama kawaida, nikivuna chumvi, nikizurura na walimu. Nikamgeukia maalim, nikamuuliza eda ya mwanamke huanza lini: siku ile anapoambiwa, au siku ile anapoachwa.

Maalim alizikuna ndevu zake. Alikuwa mtu wa haki, hata kama haki yenyewe ilimtoka polepole. "Huanza siku talaka ilipotoka," alisema. "Habari ikichelewa, eda haichelewi."

"Kwa hiyo yangu?"

"Yako imekwisha. Hawezi tena kukurejea, isipokuwa kwa ndoa mpya na kwa ridhaa yako."

Kutoka nyuma mwanamke mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, na baada yake wengine wakashindwa pia. Kumbe muda wote ambao Iddi alikuwa akitafakari, barua yake ilikuwa sandukuni mwangu, imefungwa, inangoja mtihani. Hata Halima aliitoa kanga usoni. Mimi sikucheka. Niliishika meza ya mwalimu.

Bwana Mathayo alisubiri watu watulie. Alisema kusoma amekusikia na ameridhika, lakini wa darasa la juu hupimwa pia kuandika, na hao wanne wengine walikwisha kuandika ubaoni asubuhi. Huyu bado. Akauliza, kwa sauti ya chini, akinitazama mimi wala si mwalimu, kama kuna mtu mwenye neno la kuandikwa.

"Mimi ninalo," nikasema.

Wakamletea Mastura karatasi na kalamu, akakaa mezani. Nilisimama nyuma yake, nikamtajia, naye akaandika, ulimi umemtoka pembeni kama wafanyavyo watoto.

"Kwa Iddi Chande. Barua yako nimeipata leo tarehe tatu Desemba, mbele ya mashahidi wengi kuliko wako. Eda imekwisha. Nyumba unayoiita yako imesimama kwenye kiwanja cha mama yangu. Miti uliyoikata ukiitaka, njoo na mikono yako uing'oe. Shule sikuiacha."

Mastura aliifikia nukta, akaweka nukta, akageuka. "Mama mkubwa, mwalimu ametufundisha barua imalizike kwa salamu."

Nilifikiri sana hapo. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema, mengine ya kumchoma na mengine ya kumsihi, na yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini aliyenijia akilini hakuwa Iddi. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, huko kwenye mkonge, na tumbo lake.

"Andika hivi," nikasema. "Msalimie mkeo. Na kama hajui kusoma, msomee barua hii yote, usimpunguzie."

Akaandika. Bwana Mathayo alisogea, akainama juu ya bega la mtoto, akaifuata mistari kwa kidole mpaka mwisho, kisha akasimama wima, akalifunga daftari lake. Wino ulikuwa haujakauka. Mastura aliinua karatasi kwa ncha za vidole, akaniuliza kama nataka airudie nione imekaa sawa.

"Isome," nikamwambia. "Polepole, na walio nje wasikie."