Hatua ya Zuhura

Mwaka 1971, katika kijiji kimoja karibu na Mahurunga, Somoe alikuwa akimenya muhogo majirani walipoleta kambale wao wa asubuhi. Waliwapanga mkekani kumzunguka bintiye Zuhura, wakaenda shamba. Zuhura alikuwa na miaka mitatu na kimo cha mtoto wa miezi minane. Chochote kilichowekwa karibu naye hakikuharibika. Samaki walikaa siku nne macho maangavu, na mchicha haukunyauka.

Tangu azaliwe alikuwa mtu wa kulala, hata titi haliombi. "Umepata mtoto mtulivu, mwanangu," wanawake walimsifu Somoe. "Wetu hawatuachi tulime." Ngozi ya mtoto ya baridi na ulimi uliojaa kinywani havikumtisha mtu. Somoe alifurahi, akapalilia mikorosho bila bughudha. Furaha ile ndiyo iliyokuja kumuumiza kuliko yote.

Kasiani, mganga wa zahanati, alipokuja kuchanja watoto alisogeza vikapu vya samaki, akampapasa Zuhura shingoni.

"Mama Zuhura, tezi yake haifanyi kazi. Anahitaji kidonge kila siku, maisha yake yote. Angeanza akiwa mchanga."

"Atakuwa kama wenzake?"

"Mwili utakua. Akili iliyokwisha kupotea hairudi yote."

Chupa ya vidonge ililetwa na lori la dawa kutoka Mtwara. Wiki ya tatu Zuhura alitoka jasho. Ya tano aliota meno mawili, akalia kwa sauti iliyofika hadi barabarani, na Somoe akaketi chini akalia naye kwa raha. Siku hiyo samaki wote wa majirani walioza kabla ya adhuhuri.

Binti Mohamedi, mjumbe wa nyumba kumi, alikuja kwa adabu zote, kama anayekuja kuposa.

"Hatusemi asipone, mwanangu. Tunasema taratibu. Msimu wa kambale upite kwanza."

"Sitaki, mama. Mwanangu keshachelewa."

Binti Mohamedi hakugombana naye. Karatasi ya kuagiza chupa ya pili ilihitaji sahihi yake, na aliiweka sandukuni mwake bila kuitia sahihi. Kasiani alimwendea mara tatu, akakaribishwa uji mara tatu.

Kidonge cha mwisho kilipoisha, Zuhura alikuwa akijifunza kutembea. Mwili wake ulipoa taratibu siku kadhaa, kisha akaganda kabisa penye nguzo ya kibaraza, mguu mmoja juu, hajautua. Majirani walipanga vikapu vyao chini yake, wakijihadhari wasimguse.

Msimu ulipita, ukaja mwingine. Kila asubuhi Somoe humlisha uji palepale aliposimama, humfuta kinywa, kisha huchuchumaa umbali wa hatua moja mbele yake, mikono ameikunjua. Jua likishapanda huchukua jembe, akaenda kupalilia.