Kidole cha Sita

Jumamosi moja, saa tisa na nusu za mchana, Maman Godelive alimaliza kuosha sahani, akafuta meza, akamwaga juu yake picha za safari yake ya Kinshasa ya mwaka 1987. Zilikuwa thelathini na sita, filamu nzima, na miaka yote hii alizitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga. Alikuwa anatafuta kaburi la baba yake.

Msimcheke kwanza. Mama yake, Koko Mapendo, alikuwa na miaka themanini na minane, na tangu Pasaka alikuwa amepunguza kula hadi kijiko kimoja cha uji. Neno lake lilikuwa moja tu: akifa, azikwe kando ya mume wake. Godelive alidhani anaijua fasi hiyo. Baba alizikwa Nyangezi mwaka 1983. Aliikumbuka mvua, mikaratusi, na padri aliyekuwa na kikohozi. Basi akapanda gari hadi Nyangezi kufyeka majani kaburini. Binamu zake walimpokea vizuri, wakampa kiti na kasiksi, ile pombe ya ndizi, kisha wakamwambia hapa hakuna kaburi. Wao ndio walioteremka Bukavu siku ile kumzika mzee, na walikula mbuzi wa huko, mweusi, mwenye nyama ngumu. Mtu anaweza kusahau mwavuli. Kusahau baba yako alikolala ni jambo lingine, na Godelive, aliyekuwa muuguzi miaka thelathini bila kukosea kitanda cha mgonjwa, alirudi nyumbani kwake Nyalukemba, mjini Bukavu, akimshuku kila mtu.

Picha tatu za kwanza zilimzidishia shaka. Kwao, kabla ya safari kubwa, mtu huenda kumuaga marehemu wake. Picha ya kwanza ilimwonyesha Koko Mapendo, bado ana mabega ya kubeba mzigo, akimimina kasiksi juu ya kaburi la saruji ili mzee ajue binti anapanda ndege. Nyuma ya kaburi kulikuwa na ziwa. Kushoto ziwa, kulia ziwa. Nyangezi haina ziwa. Picha ya pili ilikuwa ya ngazi za mawe zinazoteremka majini, wanawake wakifua. Ya tatu ilipigwa kupitia dirisha la ndege. Kila mtoto wa Bukavu hufundishwa kwamba mji wake umechovya mkono ziwani, rasi tano kama vidole vitano. Godelive alivaa miwani, akavihesabu kwa ncha ya kalamu jinsi alivyokuwa akihesabu vidonge. Vilikuwa sita.

Akazipiga picha hizo kwa simu, akazituma kwenye kundi la WhatsApp la Kwaya ya Zamani, ambalo lilikuwa limebaki na watu wanne. Wengine Mungu amewachukua, wengine wamehamia Ubelgiji. Aliwaomba wenzake wamsaidie kuitambua fasi hii.

Papa Ezéchiel, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, alijibu hata chai haijapoa: ni kisiwa cha Idjwi. Baada ya dakika mbili akasema hapana, ni upande wa Bagira alikokulia. Baadaye tena ikawa Rwanda. Na huyu ni mtu aliyefundisha ramani miaka arobaini! Papa Hervé, mwenye boti la mbao la kuvusha mihogo, aliandika kwamba hicho kidole cha sita ni kivuli cha bawa la ndege. Maman Adélaïde, aliyekuwa karani wa kupiga mashine ya taipu katika ofisi moja ya ardhi, alikaa robo saa nzima anaandika, simu ikionyesha anaandika, anaandika. Ujumbe ukafika, ukafutwa kabla haujasomwa. Kisha akatuma picha ya Bikira Maria yenye maua, inayowatakia wote asubuhi njema, na ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Kikulacho ki nguoni mwako, Godelive akawaza. Watu hawa aliwajua tangu sauti zao zilipokuwa nzuri. Akawaalika wote watatu kesho yake, baada ya misa ya pili, akakaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, nyingi kuliko kawaida, maana mtu mwenye mafuta mdomoni husahau kujilinda.

Walikaa barazani, ziwa likiwa mbele yao. Koko Mapendo alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini. Alikuwa na desturi ya kueleza anachokiona kule majini: leo wameanika nguo, leo wamepaka geti rangi, ule mparachichi wameukata, wapumbavu hao. Hata alipoulizwa kaburi la mume wake liko wapi, alinyoosha kidole kule kule. Jamaa walisema ni uzee. Walikuwa wakisema ni uzee tangu alipokuwa na miaka hamsini na mitano na analima mwenyewe.

Godelive alianza na Hervé. Alimwonyesha boti lililokuwa linatoka Idjwi. Lilikuja moja kwa moja, na lilipofika kwenye maji matupu mbele ya Nyalukemba likakata kushoto, likazunguka kwa upinde mkubwa, likarudi kwenye njia yake. Hakuna aliyeshangaa, maana boti zote hufanya hivyo. Godelive akauliza zinazunguka nini. Hervé alisema hiyo ndiyo njia, hata baba yake alipita hivyo. Alipobanwa alikubali kwamba mwaka 2004, akiwa na haraka, alikata katikati, na ubao wa mbele wa boti ukapasuka.

"Uligonga nini?" Godelive aliuliza.

"Ngazi," Hervé alisema, akachukua sambaza nyingine.

"Ni kwa Nabintu," Koko Mapendo alisema bila kugeuka. "Pale tulikuwa tunafulia."

Papa Ezéchiel aliweka kikombe chini. Nabintu lilikuwa jina la mama yake, na mama yake, kadiri alivyojua yeye, hakuwahi kufulia kwingine ila Bagira. Akaanza kulia polepole, bila kujua hasa analilia nini. Hapo Maman Adélaïde akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mimi njo nilipiga ile karatasi ku mashine," alisema. "Mwaka wa quatre-vingt-onze, tisini na moja. Ilisema ile fasi haiko. Haiko na batu, haiko na mashamba, haiko na makaburi. Nyuma yake bakabana liste ya bale bote balikuwa ku mukutano."

"Mukutano gani?"

"Ya kupanda miti. Ya Papa Grégoire. Mulikunywa Fanta, mukasaini."

Nani hajasaini orodha ya mahudhurio? Katika mji huu huwezi kukalia kiti nusu saa bila karatasi kukufikia: jina, anwani, sahihi. Hakuna anayesoma kilichoandikwa juu. Siku ile Papa Grégoire, tajiri wa mji, aliwaita watu wote wa rasi, akaongea kuhusu mmomonyoko wa udongo, akagawa biskuti, akakusanya karatasi yake. Ofisini orodha ikabanwa kwenye hati, hati ikapigwa mhuri, na kesho yake asubuhi rasi haikuwepo. Watu wake waliamka katika nyumba za mjini, kila mmoja na kumbukumbu zake zimehamishwa: utoto wa Ezéchiel ulipelekwa Bagira, kaburi la baba yake Godelive likapelekwa Nyangezi. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba amepoteza kitu. Adélaïde hakuwa mtu wa pale, naye alijua tu kwa sababu vidole vyake vilikumbuka alichopiga. Miaka yote hiyo aliimba nao kwaya akanyamaza.

Godelive alimuuliza jina lake, yeye Godelive, lilikuwa la ngapi kwenye orodha.

La kumi na nne, Adélaïde alimjibu, kwa mwandiko mzuri.

Basi hasira yote aliyokuwa ameiandaa kwa ajili ya marafiki ikakosa pa kukaa. Aliona aibu, tena mbele ya mama yake, na aibu ile ilimuuma kuliko shaka. Alitazama ziwa kwa nguvu, akijua sasa kilichopo, na bado aliona maji. Mhuri humfunga mgeni, mwenyeji hufungwa na sahihi yake, na kujua hakufuti sahihi.

Koko Mapendo yeye hakusaini. Siku ya mkutano Fanta iliisha kabla ya kumfikia, akakasirika, akaenda zake, na hadi leo alikuwa hajamsamehe aliyegawa. Tangu hapo walikuja wanaume na karatasi nyingine: orodha ya vyandarua, orodha ya mbegu, orodha ya sabuni. Aliwafukuza wote, ndiyo maana nyumba ile ilijaa mbu. Mwezi uliopita walikuja mara tatu, wapole sana, wakiuliza kama mgonjwa anaweza hata kuweka kidole gumba. Godelive aliwapa chai, akidhani ni bidii ya kazi.

Jumatatu alimpelekea mwanasheria ile picha ya ndege. Mwanasheria alihesabu vidole, akakubali ni sita. Akaeleza kwamba picha si hati ya kumiliki, kwamba jaji lazima ateremke kwenye kiwanja akione, na jaji hawezi kuteremka kwenye kiwanja kisichokuwepo. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba Papa Grégoire ni mtu mzuri. Hilo kila mtu alilisema. Ndiye aliyetoa saruji ya kanisa, alikaa benchi la mbele, na kila jioni gari lake liliteremka barabara ya ziwani, likapita nyumba ya mwisho, lisionekane tena hadi asubuhi. Watu walijua kwamba anaishi kule chini. Hakuna aliyewahi kumtembelea.

Koko Mapendo alifariki Alhamisi asubuhi. Alikuwa ametoka kusema kwamba leo wanafyeka majani kaburini, vizuri, ilikuwa imefika wakati. Godelive alimfumba macho kwa mkono wake mwenyewe, akakaa naye hadi maji ya kumwoshea yalipochemka.

Ijumaa alimsubiri Papa Grégoire nje ya kanisa. Wiki nzima alikuwa amepanga maneno. Angemwita mwizi, waziwazi, padri akisikia, angemuuliza ametupa wapi mabati ya nyumba ya baba yake. Lakini maiti iko mochwari, na maiti haisubiri kesi. Akaomba ruhusa ya kuzika. Papa Grégoire alikubali hata sentensi haijaisha, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ule mama alikuwa mutu wa mwisho," alisema. "Nilimuheshimu sana."

Wa mwisho wa nini, hakusema. Godelive alirudi nyumbani akinusa mkono wake. Ulinuka marashi ya gharama.

Jumamosi walipakia jeneza katika boti la Hervé. Walipofika kwenye maji matupu mkono wa Hervé ukataka kukata kushoto wenyewe, na Godelive akamwambia aende moja kwa moja. Boti likakwaruza, likasimama. Mlinzi wa Papa Grégoire akawasalimu kwa adabu, akawaelekeza pa kukanyaga. Wakabeba jeneza juu ya kitu kilichoonekana maji na kilikuwa kigumu, na viatu vya wanawake vikatoka na matope mekundu. Wachimbaji walichimba. Udongo ulionekana ukishainuliwa kwenye sepeto, ukarudi kutoonekana ukitupwa. Kutoka ufukweni watu walitazama kundi limesimama juu ya ziwa, wakaona ni mazishi, wakavua kofia.

Godelive alipiga magoti akapapasa hadi vidole vyake vikagusa saruji, baridi, na ubavuni mwake msalaba. Alisoma jina la baba yake herufi kwa herufi. Miaka thelathini na zaidi hakuwa amemletea hata ua. Alilia kwa sauti, na Adélaïde akamshika bega, na Godelive hakuuondoa mkono ule. Wakamteremsha Koko Mapendo kando ya mume wake, kama alivyotaka.

Papa Grégoire alikuwepo, suti nyeusi, kofia mkononi. Watu walipanga mstari kumshukuru. Ezéchiel alimuuliza kama siku moja anaweza kuja kukaa kidogo kwenye zile ngazi, akaambiwa aandike barua. Ikafika zamu ya Godelive. Maneno yalikuwa yote mdomoni, hakuna hata moja lililopungua: mwizi, mabati, mzee wangu, miaka yote hii. Lakini tarehe mbili Novemba ilikuwa inakuja, siku ya marehemu, na mwakani nyingine, na geti lilikuwa la huyu.

"Aksanti sana, papa," alisema. "Mungu akubariki."

"Bila shida, maman," Papa Grégoire akajibu. "Hapa ni kwenu."

Kisha mlinzi akawaonyesha njia ya kutoka.