Kibaba Aliyenipimia Mjukuu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kwenye lugha. Ilikuwa lugha ya kuundwa, watu walikaa kitako wakaitunga kwa mantiki tupu, nayo ilikuwa na paa la bati. Mlangoni alikaa kibaba, kile cha kupimia mchele, amevaa miwani.

"Bibi, sema shida yako," akasema.

"Namngoja mjukuu wangu, Mwanamkasi. Sijamwona tangu aolewe. Anakuja kesho, inshallah."

"Inshallah ni kiasi gani?"

"Haipimwi, baba."

"Humu kila neno la kesho linapimwa. Labda, huenda, pengine, wote tumewafukuza. Tuseme nusu." Akajifuta juu kwa kijiti, kama muuza mchele mchoyo.

Mlango unafunguka. Anaingia Mwanamkasi, upande wa kushoto tu.

"Shikam—" ananiamkia, na salamu inaishia hapo.

Damu ikanichemka. Nimelea watoto na wajukuu, sijaletewa hata mmoja nusu.

"Mwongeze," nikasema. "Simu kapiga mwenyewe. Tiketi kakata. Haba na haba..."

"Haba ngapi?" akauliza kibaba.

Nikaona huyu hana adabu. Sasa tumo ndani ya sufuria yangu, tumekalia ukoko. Hakuna anayeshangaa.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega, kwa sehemu kubwa."

"Mchana ananifuata, gizani ananitoroka."

"Kivuli, sehemu kubwa. Nzi, sehemu ndogo. Mume, chembe."

"Jibu ni moja."

"Humu hakuna jibu moja."

"Basi umeshindwa. Nipe mji."

Desturi kibaba aliijua, kakulia jikoni.

"Chukua Tanga," akasema.

"Siitaki. Tanga nitaiweka wapi? Nipe mwanangu mzima."

"Mzima kwa jambo la kesho hatuna, bibi. Tuna karibu mzima."

Akainama, akamimina. Upande wa kulia ukaja ukajishikiza. Nikasogea nimkague, nikaamka.

Kumekucha, mlango unagongwa.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

Mwanamkasi huyo, na begi lake. Nikamshika mabega yote mawili, hata marahaba nikaisahau. Kichwa kasuka vizuri, ila nyuma ya sikio la kulia msuko mmoja haupo, nywele zimeachwa timtim.

"Msusi hakumaliza, bibi. Basi lingeniacha."

Nilijua. Wamenipunja. Nikamkalisha mkekani pale pale, begi hajalitua, nikaumaliza mwenyewe.