Bibi Jinyu wa Kiwanda cha Sosi

Huko Taipei, Guanting alikuwa akilipwa kuyafundisha makampuni mambo ya kuepuka mtandaoni. La kwanza, alilolisema siku zote kidole kikiwa juu, lilikuwa hili: usijitungie mteja. Basi alipohamia Tainan kwa wakwe zake na kukabidhiwa ukurasa wa kiwanda chao cha sosi ya soya, aliutazama ukurasa usio na maoni hata ya nzi, akavumilia wiki chache, kisha akajitungia mteja.

Akamwita Bibi Jinyu, mjane wa mashambani mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Watu wakampenda. Walimpenda kuliko walivyowahi kumpenda Guanting, jambo lililomuuma kidogo, ingawa bibi alikuwa yeye mwenyewe.

Ili bibi aonekane mpishi kweli, Guanting, ambaye hata yai humshinda, alimwomba mkewe Yaling amweleze jinsi nyama ya nguruwe inavyopikwa kwao kwa sosi. Yaling akaeleza, akaongeza kwamba chini ya chungu hutangulizwa kipande cha muwa. Bibi akayaandika yote kama yake.

Siku hiyo hiyo akajitokeza mtu asiye na picha, aliyejiita Mwenye Baiskeli, akauliza kwa adabu kama muwa huo huwekwa na ganda lake. Guanting alifurahi kupata mteja wa kweli, na tangu hapo wakawa wanaandikiana kila asubuhi. Kikaoni alimweleza baba mkwe wake, Mzee Tseng, kwamba wateja wameanza kuchangamka. Mzee akakohoa, akatazama dirishani. Alikuwa amepaka nywele rangi, lakini Guanting, bingwa wa kusoma watu, hakuona kitu.

Ikakaribia sikukuu ya katikati ya vuli, ambapo Taiwan nzima huchoma nyama nje ya milango na wauza sosi hupata riziki yao. Kiwanda kikatangaza kuwachomea wateja nyama uani. Chini ya tangazo, Mwenye Baiskeli akamwuliza bibi kama atakuja. Guanting alikuwa anakunywa uji wa samaki, kijiko mkono mmoja, simu mkono mwingine. Akajibu: "Nitakuja, kaka, magoti yakiniruhusu. Niwekee kiti karibu yako."

Jibu likatokea likiwa na nembo ya kiwanda. Alikuwa amesahau kubadili akaunti.

Uji haujapoa, watu walikuwa wameshalipiga picha na kulisambaza. Mmoja aliuliza kiwanda kinaumwa goti lipi, mwingine kama chupa nazo zinatafuta mume. Guanting alicheka pamoja nao, maana alistahili. Kisha Yaling akapiga simu.

"Mtaalamu, unajua umemwomba nani kiti?"

"Mteja mmoja hivi, ana baiskeli."

"Ni Baba. Amejifungia ofisini, hata chai hataki."

Guanting aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kufukuzwa kazi hakukumtisha. Kilichomtisha ni kwamba kwa miezi miwili alikuwa amemtongoza baba mkwe wake, tena kwa mafanikio, na sasa mzee wa watu anachekwa nchi nzima.

Akaenda kugonga. Alijua namna ya kuomba radhi, alikuwa na somo zima juu yake, lakini maneno ya somo yalimkaukia. Akasema tu kwamba amekuwa mpumbavu, na kwamba atawaambia watu ukweli.

"Waambie," alisema Mzee Tseng. "Ila mimi sikuwa natafuta mke. Ni ule muwa. Marehemu mke wangu, mama yake Yaling, peke yake ndiye aliyekuwa anauweka. Nikadhani huyo bibi alimjua, labda walisoma pamoja. Nilitaka mtu wa kumzungumzia, basi."

Guanting alisimama pale na magoti yake mazima, akatamani angekuwa bibi kweli.

Siku ya kuchoma nyama wateja walifurika, wengi wakiwa wamekuja kumwona mwongo. Mzee akamfunga aproni ya marehemu mbele ya wote na kumpa koleo. Nyama iliungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Mzee akala yake yote, kisha akavuta kiti na kukiweka karibu na chake.

"Kaa, Bibi, si uliomba kiti? Huo muwa aliuanza mwaka tuliooana. Sukari ilikuwa imetuishia, na mimi nina njaa, namgombeza."

Guanting akaketi, akamwuliza kama ganda lilimenywa.