Mkono wa Kuume wa Sylvestre

Jumanne hiyo mkono wa kuume wa Sylvestre ulikuwa unapimwa kwa mara ya mwisho. Saa tano asubuhi Cheryl, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, angefika nyumbani kwao mtaa wa Hockley, huko ughaibuni. Mkono ukishindwa kuinua kikombe, kile kimashine cha umeme alichoazimwa kuuamsha kinarudi hospitalini apewe mgonjwa mwingine, na Sylvestre, fundi wa kung'arisha pete, anabaki na mkono wa pambo.

Mkewe Jeannine alijua jambo ambalo Cheryl hakulijua, na lilikuwa limemtafuna moyo wiki sita.

Kimashine chenyewe hakina maajabu. Unabandika vibandiko viwili mkononi, unabonyeza, umeme unaichokoza mishipa ya fahamu, vidole vinashtuka. Ila kuna sharti: umeme ukija, mgonjwa mwenyewe ajikaze kufunga vidole, ndipo ubongo uliopigwa na kiharusi ujifunze njia upya. Mara mia kwa siku, halafu unaandika daftarini. Sasa jamani, mwanamke gani wa Bukavu atakaa kitako amtazame mumewe akitoka jasho kwa ajili ya kijiko? Watu wa kanisa wangesema nini? Kwa hiyo umeme ulipokuja, Jeannine alimfungia vidole yeye. Alimnyanyulia mkono yeye. Alimlisha yeye. Kisha akaandika: mia. Kila siku, mia.

Saa tano kengele ikalia. Cheryl akaingia, akabandika vibandiko, akaweka kikombe cha maji mezani. Mama Précieuse wa kanisani, aliyekuja mapema kuwaombea, akafumba macho na kuanza kunong'ona.

"Haya, Sylvestre," Cheryl akasema. "Peke yako."

Umeme ukaja, vidole vikashtuka. Lakini Sylvestre hakuangalia kikombe. Alimwangalia mkewe, akingoja amalizie kama kawaida. Cheryl akaona. Nani asingeona? Akafungua daftari, akafunua kurasa, mia, mia, mia, akatikisa kichwa.

Jeannine alilitazama daftari. Akinyamaza, mkono umekwisha. Akisema, ataonekana mwongo mbele ya Mama Précieuse, na habari itafika kanisani kabla ya Jumapili.

"Ni mimi," akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Nilikuwa namfanyia. Yeye hajajaribu hata siku moja."

Mama Précieuse akafumbua macho. "Sasa kosa liko wapi? Tangu lini mgonjwa akatumikishwa?"

Cheryl hakufoka. Alisema basi mkono haujashindwa, bado haujaulizwa. Atampa dakika kumi, ila Jeannine asiguse kitu.

Jeannine akaikalia mikono yake. Dakika kumi! Afadhali uchungu wa kuzaa. Umeme ukaja, Sylvestre akajikaza, kikombe kikateleza. Tena. Na tena. Jasho likamtoka, ute ukamchuruzika mdomoni.

"Mama Hugues," akaita kwa ulimi mzito, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama alivyomwita siku zote.

Mama Précieuse akanyanyuka na leso.

"Kaa!" Jeannine akamfokea. Loo, mtu aliyemzidi miaka kumi! Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Kaa, Mama, nakusihi. Mtu asimguse."

Sylvestre akamkazia mkewe macho kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonyesha tangu wafunge ndoa. Kisha akamwacha, akakigeukia kikombe. Umeme ukaja. Kidole gumba kikasogea, vingine vikafuata, vikabana. Kikombe kikainuka shubiri moja kutoka mezani, kikayumba, halafu kikaanguka, maji yakatapakaa kwenye zulia.

Jeannine alishapiga magoti kupangusa kabla hajajua anafanya nini.

"Acha," Sylvestre akasema. "Leta kingine."