Redio Anatutembeza Mjini

Safari ile ilipangwa kwenye chumba cha kushonea cha Sindano, katikati ya vipande vya vitambaa na pasi iliyoachwa ipoe, na tangu mwanzo ilikuwa na mzozo. Sindano alipewa jina hilo shuleni kwa wembamba wake, likaja kumkaa vizuri zaidi alipokuwa fundi cherehani. Yeye alitaka waende wakale tu, warudi. Mwalimu, ambaye alikuwa mwalimu kweli na hata chai aliiagiza kama anayesahihisha madaftari, alitaka mchezo wa jukwaani. Mkunga, aliyewazalisha wenzake wote wawili na kwa hiyo hawakuwa na la kumficha, alisema neno moja tu.

"Makumbusho."

Cherehani ikanyamaza. Wote walijua neno hilo ni la nani.

Lilikuwa la Redio, wa nne wao. Tangu wakiwa mabinti wa bweni moja, Redio hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alisema akila, akioga, hata usingizini. Alipokua, mdomo huo huo ukampa riziki: matangazo ya sabuni, matangazo ya benki, na ile sauti ya kituo cha treni inayokuambia usisimame ukingoni. Akahamia jijini, na kila akipiga simu wimbo ulikuwa ule ule. "Njooni niwatembeze! Asubuhi makumbusho, mchana mchezo, jioni tunakula mpaka vifungo vikatike. Na makumbusho msiyakwepe, nina jambo langu pale." Wenzake wakajibu mwezi ujao, likizo ijayo, mtoto akipona. Kisha Redio akaugua ghafla, na safari yao ya kwanza kwenda jijini ikawa ya kumzika.

"Haya, makumbusho," Sindano akasema mwishowe, akirudisha mguu kwenye pedali. "Lakini mtu asinilize humo ndani. Nitakuwa nimepaka wanja."

Wakaenda. Nyumba ya wageni haikuwa na chumba cha vitanda vitatu, wakapewa cha vinne. Sindano akatupa mabegi yao juu ya kitanda cha nne. Alipoingia kuoga, Mwalimu akayashusha moja moja, akayapanga sakafuni, akanyoosha shuka. Mkunga alimwona, akashika ncha ya pili.

Makumbusho yalikuwa jengo refu la zamani, sakafu zake za mbao zikilia chini ya viatu. Mapokezini walikuwa wanakodisha kidude cha kuning'iniza shingoni, chenye spika za masikioni, kikuongoze chumba kwa chumba. Sindano akakikataa, asije akaharibu nywele zilizomkalisha saluni siku nzima. Mwalimu akasema yeye anajua kusoma, asante. Mkunga akakichukua, maana miwani yake ya kusomea ilikuwa imebaki begini.

Akabonyeza. Pakapita ukimya, mtu akavuta pumzi, kisha:

"Karibu. Usiwe na haraka, tuko pamoja."

Akashika ukuta. Mkunga alikuwa amesikia vilio vya kila namna katika kazi yake, na sikio lake halikuwa la kudanganywa kirahisi. Ile "karibu" yenye kicheko kilichomezwa katikati, kana kwamba msemaji amefinywa, ilikuwa ya mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa chini ya ardhi.

"Tazama kushoto kwako," sauti ikasema.

Mkunga akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mtumbwi mkavu ndani ya kioo, na kwenye kioo uso wake mwenyewe, umepauka.

Akawafuata wenzake kama anayeburutwa. Mbele Sindano alikuwa akilalamika viatu vinambana. Sikioni Redio alikuwa akieleza jinsi mti ulivyochongwa. Katika chumba cha vinu na mawe ya kusagia, sauti ikakohoa kidogo, ikajikaza, ikaendelea. Mkunga akageuka upesi, mkono tayari umenyooshwa kumpiga mtu mgongoni. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yake akamwomba radhi bila kujua kosa lake.

Hakuwaambia. Angeanzia wapi? Mchana walikaa kwenye ukumbi wa maigizo, Mwalimu akicheka kabla ya watu wote na kuwaeleza kwa nini panachekesha, na Mkunga hakuelewa hata nani alikuwa mume wa nani pale jukwaani. Kila taa ilipofifia alisikia: tuko pamoja, tuko pamoja.

Jioni, mgahawani, mhudumu alipotaka kuondoa kiti kilichobaki kwenye meza yao, Mkunga alikikamata mguu.

"Kiache!"

Wenzake wakamtazama. Hapo ndipo alipotoa yote.

Sindano aliweka uma chini polepole. "Redio tumemzika," akasema. "Mimi ndiye niliyeshona ile nguo aliyozikwa nayo. Usinifanyie mzaha wa namna hiyo, mwenzangu, na chakula kiko mdomoni."

"Nimekwambia nimemsikia."

"Umechoka. Unakesha na wazazi wodini, hulali, sasa unasikia watu."

"Kazi yake ilikuwa sauti," Mwalimu akasema kwa upole. "Na alisema ana jambo lake pale. Tusibishane. Kesho tunarudi wote."

Sindano alikula bila kuinua macho. Kiti kile kilibaki palepale mpaka walipoondoka.

Asubuhi wakaning'iniza vidude wote watatu, wakahesabu "haya, sasa!" na kubonyeza pamoja. Mkunga hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiwatazama nyuso. Mwalimu alifumba macho, machozi yakashuka bila sauti. Uso wa Sindano haukubadilika hata kidogo. Akatembea chumba baada ya chumba, shingo imenyooka, kama mtu anayepita mbele ya kaya ya adui. Mpaka wakafika kwenye chumba cha nguo.

"Nina rafiki yangu fundi," Redio akasema masikioni mwao. "Angeuona mshono huu angesema aliyeshona alikuwa na haraka ya kwenda harusini."

Sindano akakaa chini. Chini kabisa, sakafuni, na sketi yake nyeupe. Akainama kuutazama mshono kupitia kioo, na wanja ukamchirizika mpaka kidevuni. "Ni kweli," akasema. "Mshono wa ovyo. Jamani, ni kweli, utazameni."

Mhudumu wa mapokezi aliwaambia hakuna la ajabu: mwanamke mmoja wa matangazo aliajiriwa kurekodi, akawa anachomeka maneno ya kwake, na mkurugenzi akayapenda akayaacha. Nakala hawezi kuwapa, si mali yake. Wasikilize wapendavyo.

Wakatoka nje, wakasimama kwenye ngazi. Mwalimu akasema mama yake Redio lazima aambiwe. Bibi yule alikuwa anaishi huko huko jijini, kwa mwanawe wa kiume.

"Unataka tumuue bibi wa watu?" Mkunga akauliza. Lakini simu alikuwa nayo yeye, na ni yeye aliyepiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mko salama? Mbona sauti ya kilio?"

"Tuko salama, mama. Tulikuja kutembea kidogo. Tuko hapa makumbusho."

Kisha bibi akauliza, taratibu, "Mmeshapita kile chumba cha vinu? Pale anapokohoa?"

Mkunga akageuka kuwatazama wenzake.

"Alikuwa na mafua siku ile," bibi akasema. "Nilimwambia asiende kazini. Mimi nilikuwa nakuja hapo kila wiki, mwanangu, mpaka wahudumu wakawa wananiandalia kiti. Kaka yake akajua, akanikataza. Anasema nitapotewa na akili. Sasa sikieni. Chumba cha mwisho anaaga. Mimi huvua kabla hajaaga. Nanyi mvue."

Wakarudi ndani kumaliza. Mlangoni mwa chumba cha mwisho Mkunga akavua, Mwalimu akavua. Sindano akaingia peke yake, spika masikioni, wakamwona kwa mbali akisimama katikati ya chumba, kichwa kimeinama, kama anayepokea maagizo ya mteja.

Ndani ya treni ya kurudi, walipokuwa wameshaacha nyumba za jiji nyuma, Mkunga hakuweza kuvumilia. "Alisemaje?"

"Nani?"

"Shoga, usinifanyie hivyo."

Sindano akapenga kamasi. "Kasema turudishe vifaa mapokezini. Na ngazi za nje zinateleza, tuangalie miguu."

Wakacheka mpaka abiria wengine wakageuka. Walicheka mpaka ikaanza kuwauma, na hakuna aliyejua namna ya kuacha.

Mwalimu alirudi kwenye madaftari yake, Sindano kwenye cherehani, na safari ikawa ya kusimulia. Kwa Mkunga haikuwa hivyo. Wodini, kati ya uchungu mmoja na mwingine, panapokuwa kimya, alisikia mtu akivuta pumzi ya kutaka kusema. Alijikuta akiwaambia wazazi, "Usiwe na haraka, tuko pamoja," kwa kicheko kisichokuwa chake. Siku moja ya mapumziko alimuaga mumewe kwamba anakwenda sokoni, kikapu mkononi, na miguu ikampeleka stesheni.

Mapokezini pa makumbusho hakuulizwa kitu. Alipewa kidude, akapita mtumbwi, vinu, nguo. Mlangoni mwa chumba cha mwisho, kwenye kiti cha wahudumu, alikuwa amekaa bibi mmoja, spika masikioni.

Mama yake Redio akamwona, akakitazama kile kikapu kitupu, akaelewa yote. Alivuta spika ya sikio moja. "Nawe umemuaga mtu kuwa unakwenda sokoni," akasema. "Mimi nimesema nakwenda kliniki. Kaka yake asijue."

"Hatajua, mama."

"Leo nataka nimsikie mpaka mwisho. Nishike."

Mkunga akapiga goti kando ya kiti, akampa mkono. Bibi akabonyeza, akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kukaza, vikakaza zaidi, kwa nguvu ambayo Mkunga aliijua mno kwenye vitanda vya kazini, na yeye akafanya anachofanya siku zote: hakuuondoa mkono, akangoja. Kisha vikalegea.

Bibi akajifuta uso kwa kiganja, akainuka akishikilia bega la Mkunga, na kurekebisha spika masikioni.

"Haya," akasema, akigeukia mlango waliouingilia. "Turudi mwanzo."