Hamisa, Kipande cha Printa

"Korogwe nzima hakuna mpiga chapa kama mimi," Hamisa alipenda kusema, kisha anaongeza mwenyewe: "Taipureta zilikuwa mbili, na moja mbovu."

Kampuni yao ya katani ilipobinafsishwa alipunguzwa kazini, akarudi Handeni kulima. Mezani pake, pale ofisini Manundu, Korogwe, ikawekwa kompyuta.

Jumatatu moja alikuwa akipalilia mahindi, akajikuta ofisini, jembe mkononi, udongo miguuni. Printa ilikuwa inamsubiri. Akatoa barua zote. Ya mwisho ilipotoka, akajikuta tena shambani, tuta limebaki nusu. Mumewe alimwambia akiitwa tena apitie chumvi.

Alipoitwa tena alimkuta Valerian, fundi kompyuta, anakula muhogo.

"Shikamoo, mama. Ni hivi: kiini cha mfumo ndicho kinachokaa macho wakati wote. Vipande vingine vimelala. Kikitakiwa cha kuchapa, kinaitwa, kikimaliza, kinaondolewa. Cha printa ndiwe."

"Marahaba. Basi nirudishiwe ajira."

Meneja Gregori akacheka. "Mama, wewe huajiriwi. Unapakiwa tu."

Hamisa akamgeukia fundi. "Na kipande kikitegemea vingine?"

"Vinakuja vyote. Na kinachotumika hakiondolewi."

"Ahaa."

Safari iliyofuata alikuja na Maryamu wa chai na mzee Mhina tarishi, waliopunguzwa siku moja naye. Alisema bila chai vidole havisogei, na bila tarishi barua ni karatasi tu. Mashine haikubisha. Kisha akaacha ukurasa mmoja nusu ndani ya printa, akaushika pembe, akaketi. Kazi haikuisha, kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Maryamu akawasha jiko. Wateja waliingia, wakaamkia, wakahudumiwa.

Ajira haikuandikwa. Hamisa naye hakuachia.

Ijumaa akaja mkubwa kutoka Dar es Salaam, Mhina akampisha kiti.

"Ofisi hii ina watu wangapi?"

"Mimi na kompyuta tu, mzee," alisema Gregori.

"Na hawa?"

"Wapita njia. Wamejikinga jua. Hata majina yao siyajui."

Mkubwa akapokea chai kwa Maryamu, akaomba nakala ya ripoti. Gregori akabonyeza. Printa ikaguna, ikagoma. Akabonyeza tena, jasho linamtoka.

"Hamisa, achia hiyo karatasi!"

"Abee," akaitika Hamisa, bila kuinuka, bila kuachia. "Jina langu umeambiwa na nani, bosi?"